Makofi na Vidoko vya Mama Nukta

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda chetu cha uchapaji, msomaji wetu wa prufu, msaka makosa ya kila ukurasa kabla haujachapwa, Mama Nukta, anastaafu. Anaondoka na macho yake mawili mazima, na hilo, jamani, ndilo tunalolishangilia zaidi leo.

Alianza kwa kukunja karatasi, akapanda hadi chumba cha prufu, chenye dirisha moja na meza iliyochubuka upande wa kulia. Mchubuko huo ni kazi ya kidole chake. Kila ukurasa aliusoma kwa sauti, na kila alama aliipa mlio wake. Kwa nukta aligonga meza, kwa mkato alikwaruza kwa ukucha, kwa alama ya kufungua usemi alipiga kofi, na kwa ya kuufunga kofi jingine. Vitabu vya Kiingereza aliviongezea kidoko cha ulimi, kwa ajili ya ile alama ndogo inayoning'inia juu kati ya herufi. Wageni walidhani humo ndani kuna ngoma. Sisi wapangaji wa kurasa tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini aliyeingia chumbani humo aligonga naye, apende asipende.

Mwaka jana tulipokea kitabu cha kuwafundisha wanafunzi alama za uandishi za Kiingereza. Kazi nono, na ya kutisha: kitabu cha namna hiyo kikikosea alama, kitachekwa hata na watoto wa chekechea. Wakati huohuo mtoto wa jicho akamvamia Mama Nukta, macho yote mawili. Alisogeza taa, akabadilisha miwani, akauleta ukurasa puani kama anaunusa. Wapi! Mkato na nukta vikawa kitu kimoja. Akamweleza meneja ukweli, akaomba asinyang'anywe kitabu hicho tu, maana aliogopa kwamba ndicho cha mwisho maishani mwake.

Meneja alisita. Basi sisi tuliokuwa tukicheka tukajitolea kusoma. Tulipokezana kusoma na kugonga, yeye ameegemea kiti, macho kayafumba. Kwenye sura ya maneno ya msemaji, zamu ikiwa yangu, aliinua mkono. Kofi la kufungua alilisikia, la kufunga hakulisikia. Niliapa kuwa ni uvivu wa mkono wangu tu. Tulipotazama, alama yenyewe haikuwepo, wala katika mazoezi yaliyofuata. Na mashine ilikuwa iwashwe kesho yake asubuhi! Nilichukua penseli, tukazirudisha moja moja.

Kitabu kilitoka safi, naye akafanyiwa upasuaji. Mumewe, fundi saa, anasimulia kuwa bandeji ilipofunguliwa mkewe alisoma tangazo la ukutani wodini, akalalamika kwamba limekosa nukta. Mzee wa watu alilia kwa furaha palepale. Habari zilipotufikia tulishusha pumzi, kisha meza zote za kiwanda zikagongwa kwa pamoja.

Asante, Mama, kwa subira yako na kwa masikio uliyotuachia. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa asubuhi, na vitabu vya kusoma kwa raha tu.

Huu ndio ukurasa wetu wa kwanza kutoka bila kupita mezani pako. Tumeugonga mara mbili, juu hadi chini. Ukikuta kosa, tafadhali weka penseli chini, unywe chai yako. Tutalisikia wenyewe.