Khaemba, Aliyehasi Majogoo Ggaba

Ndugu wafiwa, majirani wa Ggaba na nyote mliofika, haya ndiyo maisha ya Baba Moreen, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda maneno ya kuzungukazunguka, familia tutayasema yalivyokuwa.

Patrick Khaemba alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Chwele, Bungoma, akasoma hadi darasa la saba, na mengine yote alijifundisha mwenyewe. Alifika Kampala mwaka 1988, akabeba samaki kutoka mitumbwini hapa mwaloni, kisha akaanza kufuga kuku, na tarehe 4 Agosti 1990 akamwoa Nakhisa, wakajaliwa binti mmoja, Moreen.

Wapo waliosema kuku wake walidungwa homoni, na leo wanyamaze, maana yeye aliiondoa. Korodani za jogoo ziko ndani, karibu na mgongo, ndizo zinazotoa homoni inayompa upanga mwekundu kichwani, kuwika na kupigana; zikitolewa angali mdogo anatulia, chakula kinageuka nyama laini na mafuta, ila lazima umngoje karibu mwaka mzima. Mkono wa kukata ulikuwa wa Nakhisa, na Khaemba akiomba kisu aliambiwa, "Wewe shika miguu tu, hivyo vidole ni vya kuchimba choo."

Nakhisa alifariki tarehe 2 Februari 2019, akazikwa Chwele. Khaemba akakata mwenyewe, akawa anabakiza vipande ndani, na majogoo aliowauza kama waliohasiwa wakaanza kuwika majumbani mwa watu. Alijitukana mbele ya wateja, akaapa hatarudi kukaa karibu na kaburi la mkewe kabla kila mmoja hajapata jogoo mwingine, wa haki. Miaka ikaenda hivyo, akingoja kuku wakue, akimuuliza Moreen kila jioni kama Chwele mvua imenyesha, kama nyasi zimemfunika mama yake.

Wa mwisho alikuwa Abalo, mke wa askari kule Kibuli, aliyemwambia mwezi Machi, "Mzee, huyu ananiamsha niende kazini, mwache, wewe nenda nyumbani," naye akafoka kwamba jogoo wa Abalo bado miezi mitatu, na haendi ng'o.

Aprili figo zikamlemea, akafariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Jana Moreen alimpelekea Abalo jogoo wake, mzito, kimya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala hapa nasi, na wafugaji wenzake. Gari la Chwele linaondoka mchana huu. Baba Moreen, hapa umemaliza, nenda ukapumzike kwa amani kando ya Nakhisa.