Rahabu Singano na Nusu Dola za Wageni

Marehemu Rahabu Hezekia Singano alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Bungu, wilayani Korogwe, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Hezekia Singano, mkulima. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Alitamani kuendelea, lakini ada ilitosha mtoto mmoja, na akasomeshwa kaka yake. Alitusimulia hayo bila uchungu, kwa kawaida akiwa anakagua madaftari yetu.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Edward Shekiondo, seremala wa Yoghoi, Lushoto. Baba alitangulia mwaka 2004. Tangu hapo mama aliilea familia kwa mshahara wa mpishi katika nyumba ya wageni mjini, kazi aliyoifanya tangu 1986 hadi 2017.

Wageni wa Kimarekani walioipenda supu yake ya njegere walimwachia sarafu za nusu dola. Wabadilishaji wa fedha za kigeni walitaka noti tu, hivyo alizitia kwenye kopo la majani ya chai hadi zikafika sitini na tatu. Mgeni mmoja, mwalimu, alimwonyesha namna ya kuzitambua: ya mwaka 1964 ina ukingo mweupe mtupu, kwa kuwa ina madini mengi ya fedha, za kuanzia 1971 zina mstari wa rangi ya shaba ukingoni, na madini hayo hayamo.

Oktoba 2012 alifika nyumbani Bwana Anord, mfanyabiashara wa sarafu kutoka Tanga, aliyesikia habari za kopo hilo. Alimwamkia mama, akaziona za juu, zote za 1964.

“Mama, nachukua kopo zima. Laki nane.”

Vumilia, kitinda mimba wake, alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na ada haikuwepo. Mama alizimwaga mezani, akatenga sita.

“Hizi tu ndizo za madini ya fedha, mwanangu. Hizo nyingine hata kwao ni nusu dola tu.”

Bwana Anord alichukua sita kwa elfu tisini, akaondoka.

“Mama, ungenyamaza tu!” Vumilia alilia.

“Ningenyamaza, naye angekuja kujua. Siku hiyo akiniamkia, ningeitikaje?”

Vumilia hakumsemesha siku tatu. Ameturuhusu tuliandike hili.

Mwezi uliofuata Bwana Anord alirudi na mfuko wa sarafu ambazo mtu mwingine alitaka kumwuzia. Mama alizigeuza moja moja, akamwambia asinunue hata moja. Kuanzia hapo alimlipa kila alipomletea za kukagua, na Septemba 2013 Vumilia aliingia chuoni. Zile hamsini na saba zipo hadi leo, hazijapanda bei.

Novemba 2023 mama alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Vumilia, sasa muuguzi, alimhudumia nyumbani. Mama alijifunza kumenya viazi kwa mkono wa kushoto, huku akitugombeza sisi tunaomenya maganda manene. Alituaga asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2025, akiwa na miaka 68.

Ameacha watoto watatu, Stephano, Scholastica na Vumilia, wajukuu saba, na kaka yake, Mwalimu Yonathani. Mjukuu wa mwisho ana miezi mitano, anaitwa Rahabu, na alipakatwa na bibi yake kwa huo mkono wa kushoto.

Mungu ampumzishe mama yetu. Kazi ameifanya ya kutosha.