Mlango wa Hema Ulipofungwa

Bwana asifiwe, ninyi mliokaa ndani na ninyi mliosimama mlangoni! Mlangoni palikuwa mahali pangu, ndugu zangu, na leo nasema kwa nini.

Shule niliiacha mapema, nikaingia kuchimba shaba. Siku moja shimo lilibomoka juu yangu. Sisi wachimbaji tuna desturi: wa chini anavuta kamba, wa juu anajibu kwa kuivuta, ndipo unajua kuna mtu. Siku ile nilivuta. Hakuna aliyejibu. Walinitoa hai, lakini tangu hapo sikuweza kulala penye mlango uliofungwa. Kolwezi, Tenke, Likasi, popote nililala barazani. Watu walisema Kazadi ana miguu ya kuzurura. Haikuwa miguu, ilikuwa milango!

Kisha vijana wa kanisa wakatangaza safari ya kupanda Ruwenzori. Niliitaka safari ile kuliko kitu chochote. Theluji sijaigusa maishani, nikauliza maswali mpaka wakachoka: ina harufu? Inalia ukiikanyaga? Mazoezi hayakunitisha. Tulipanda kilima cha mawe ya mgodi tukiwa na magunia ya mchanga mgongoni. Nilijifunza kwenda polepole, maana mlimani ukipanda hewa inapungua, na mimi nilizoea shimo, ambamo kupanda ni kukimbilia hewa.

Lakini Tata Ilunga, kiongozi wetu, akasimamisha hema uani. "Kule juu baridi inaua. Kila mutu atalala ndani, na hema imefungwa. Mwenye hawezi, atabakia."

Niliingia, zipu ikafungwa, nikatoka nimeipasua. Wenzangu wakacheka: "We Kazadi, tunapeleka mutu ao mbuzi? Mbuzi njo inalala inje!" Nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya kanisa nikalia.

Mama Ngalula wa kwaya alinifuata. Hakunihubiria. Hema liliposhonwa, alinifunga kamba mkononi, akashika ncha nyingine, akakaa kwenye kiti nje. "Ingia, mwana wangu. Ukivuta, mi nitajibu. Na kama mi niko mbali, Mungu haiko mbali."

Zipu ikafungwa. Nikavuta, akajibu. Nikaomba: Bwana, hata wewe ulifungiwa kaburini kwa jiwe. Nikavuta tena, akajibu. Usingizi ukanichukua.

Nilipoamka nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena, ikaja yote mkononi mwangu. Ndugu zangu, nilingoja ile hofu ije. Nilingoja kweli! Haikuja. Nikabaki nimelala, hema limefungwa, nikisikia harufu ya majani ya sombe yakipikwa.

Nilipotoka, Mama Ngalula alikuwa anasonga bukari. "Ulikuwa unakoroma sana, mwana wangu. Kamba ya nini tena?" Tata Ilunga akanirushia gunia langu la mchanga: "Kesho, kilima."

Mlima bado sijaupanda. Tunaondoka wiki ijayo, na kama nitafika juu sijui. Namshukuru Mungu kwa usingizi ule. Nawe uliyevuta kamba yako bila kujibiwa, usiseme juu hakuna mtu. Wenzangu waliponitoa shimoni, mikono yao ilikuwa na damu. Kamba waliiacha ili wachimbe kwa mikono yote miwili. Ndivyo Mungu alivyonifanyia. Mtumainini!

Na ninyi mlio karibu na mlango, ufungeni tu.