Mzio wa Paka Katika Timu ya Jääkukat

Mgeni rasmi, Bi Orvokki Tanskanen, mwenyekiti wa klabu yetu. Kocha wetu Tuire. Wazazi wetu mliojikunyata hapo kwenye ngazi:

KARIBU UWANJANI

Sisi wasichana wa timu ya Jääkukat tunakukaribisha Kuopio kwa furaha. Kiti chako tumekitandikia ngozi ya kondoo, kwa sababu mwaka jana ulikaa kwenye chuma kitupu na hotuba yako ikawa fupi mno. Kahawa ipo, na mikate ya iliki kaoka mama yake Senni.

TULIKOTOKA

Timu hii ilianza kabla hatujazaliwa. Tunateleza kwenye barafu watu kumi na sita kwa pamoja, mikono imeshikana, uso wa huyu kwenye shingo ya yule. Katika chumba chetu cha kubadilishia nguo ipo picha yako, Mgeni rasmi, ya siku ulipotwaa nishani ukiwa na homa ya nyuzi thelathini na tisa. Tunaiheshimu sana. Mtu akipiga chafya tu, kocha huinyooshea kidole.

TULIYOYAWEZA

Msimu uliopita tulikuwa wa nne kitaifa. Mafanikio mengine, ambayo hayana kombe, ni ufundi wa kuficha ugonjwa. Tunajua kukohoa ngoma zinapolia kwenye muziki, na pua nyekundu tunaipaka poda mpaka inafanana na ya maiti. Tunaomba tukusomee mazungumzo ya Lotta na Vilja, kama yalivyokuwa, ndani ya basi la kwenda mashindano ya Tampere:

“We Lotta, mbona macho yamekuiva hivyo?”

“Mzio tu.”

“Mzio wa nini, na theluji yote hii?”

“Wa paka.”

“Wewe huna paka!”

“Wa jirani. Hebu niache, bwana, kocha atasikia.”

YANAYOTUSUMBUA

Huko Tampere, katikati ya duara letu kubwa, Lotta aliuachia mkono wa Vilja akatoka mbio kwenda kutapika kwenye ndoo ya maua. Watazamaji walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya dansi. Waamuzi hawakudhani hivyo.

Kufika Jumatano timu nzima ilikuwa inagombea vyoo. Kocha alikuwa kitandani, na dereva wa basi alitupigia simu kutueleza anachotufikiria. Hata mzee Reijo, anayeendesha mashine ya kulainisha barafu, aliugua, na mpaka leo hatujui aliambukizwa na nani, maana hata salamu huwa haitikii. Tulicheka sana. Kisha mdogo wake Vilja, mtoto wa miezi minne, akalazwa hospitali. Amepona, tunashukuru, ila siku ile hakuna aliyecheka, na Lotta alilia mpaka tukamwonea huruma.

Ndipo mwenzetu Pihla akaapa kwamba yeye hatadanganya tena. Wiki iliyopita alimwendea kocha asubuhi, mbele yetu sote.

“Kocha, nina homa. Naenda nyumbani, sitaki kuwaambukiza wenzangu.”

“Umefanya vizuri kusema, mwanangu,” kocha akajibu. “Pole. Nafasi yako anachukua Senni, wa akiba.”

Hatumlaumu kocha. Alifuata sheria ya klabu, na sheria hiyo ina sahihi yako, Mgeni rasmi: anayekosa mazoezi karibu na mashindano, kwa sababu yoyote ile, hatelezi. Pihla amepona, daktari amemruhusu, na leo ndiye mzima kuliko sisi sote. Amekaa benchi kashika makoti yetu. Jumamosi ni fainali ya taifa, na huu ni msimu wake wa mwisho nasi. Senni mwenyewe hataki nafasi hiyo. Alituambia, “Mimi sikuja hapa kurithi mtu aliye hai.”

TUNACHOOMBA

Tulikuwa na maombi mengi, likiwemo la bomba la maji ya moto. Tumeyafuta. Tunaomba Pihla arudishiwe nafasi yake, na sheria ile ibadilishwe, ili mgonjwa akisema asiadhibiwe kwa kusema.

Tunajua, Bi Orvokki, utakumbuka homa yako. Tunakuomba radhi kwa hili tunalolisema: wewe uliteleza peke yako. Hukuwa umemshika mtu mkono.

Tafadhali usijibu bado. Jana tulikaa tukakubaliana kwamba haiwezekani tuombe ukweli ulindwe huku sisi wenyewe tunauficha. Kwa hiyo tunasema. Katika mstari huu unaouona, watatu tumekunywa vidonge vya kushusha homa asubuhi hii. Majina atapewa kocha tukimaliza. La kwanza ni la huyu anayekusomea.

Kocha, tunaomba ukae kidogo, bado sentensi chache.

Mgeni rasmi, desturi inataka sasa nije nikupe risala hii mkononi na tupeane mkono. Naiacha hapa juu ya meza, na Pihla atakuletea, kwa sababu yeye ndiye salama.

Tunakutakia majira ya baridi yasiyo na kikohozi, na magoti yasiyouma kwenye ngazi.

Ni sisi, wasichana kumi na saba wa Jääkukat, Kuopio.

Imesomwa na nahodha, Iida Kokkonen, akiwa amesimama mbali kidogo.