Nane Ipi?

Basi la kutoka Nagano lilipoanza kupanda mlima, Chizuru alikuwa ameshamweleza bibi aliyeketi kando yake safari yao yote, na bibi hakuwa ameuliza. Mumewe, hodari wa kuteleza kwenye theluji, alitangulia jana na binti yao wa miaka mitano. Leo anataka wapande wote mpaka kileleni.

"Mimi hata kusimama kwenye zile mbao za kutelezea sijui, bibi. Nimemwambia mume wangu mtoto abaki chini na wanaoanza, ananicheka."

"Wanaume hao! Mtoto mwenyewe anajua kufunga breki?"

"Baba yake kamfundishia sebuleni, kwenye zulia. Akitaka kusimama, afanye nane."

"Nane ipi, mwanangu?"

Chizuru akacheka. Si ile ya maandishi ya Kijapani, ya mistari miwili, kama paa la kibanda? Ncha za mbele karibu, visigino mbali.

"Ameshaanza shule?"

"Mwakani."

"Sasa hiyo kaisomea wapi? Mjukuu wangu nane anayoijua ni ya kwenye saa, yenye matumbo mawili."

Kicheko kikamkauka Chizuru. Juzi mtoto alilia pale kwenye zulia: "Mama, nikifanya nane mbao zinapandana, naanguka!" Yeye na mumewe wakasema anadeka.

Akapiga simu. Ikaita tu.

"Labda wanakunywa chai," bibi akasema, akimpa chenza ambalo Chizuru hakulimenya.

Basi likasimama. Juu ya misonobari viti vilikuwa vikipanda kwa waya, na katika kimoja, kando ya koti la bluu la mumewe, ilionekana kofia ndogo nyekundu aliyoifuma Chizuru mwenyewe.