Mpwa Wangu Anasubiri Simu

Leo kijiweni hakuna aliyekaa. Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kushonea viatu na saluni ya Kinyozi, na siku nyingine ukilipata hubanduki. Lakini saa kumi mpwa wangu anapigiwa simu ya video na hoteli moja ya ng'ambo inayotafuta wasafisha vyumba. Usaili wote ni kwa Kiingereza. Wamesema watamwambia afanye kazi ndogondogo mbele ya simu, huku akieleza anachofanya. Mimi ndiye niliyemlea, na tangu asubuhi sindano inanichoma mimi badala ya viatu.

— Haya, tena! Kinyozi akasema, akaanza kufagia.

— “You are sweeping,” mpwa wangu akajibu.

Profesa, fundi redio wetu, akakunja koti lake.

— “You are folding.”

— Umeona? Anatiririka huyu! Kinyozi akasema. Kahawa nyingine!

— Sasa fanya mwenyewe, nikamwambia, nikampa ufagio.

Akafagia. Akaushusha ufagio.

— Mjomba, neno halitoki. Nikimwona Kinyozi anafagia, linakuja lenyewe. Nikifagia mimi, kichwa cheupe.

Wiki nzima tumemfundisha hivyo: sisi tunafanya, yeye anasema “You are”. Jamani, tumefanya nini?

— Ni mkono unakula akili, Profesa akasema. Damu yote inashuka huku. Ndiyo maana mabosi hawafagii.

— Acha zako! Kinyozi akadakia. Ni ufagio. Umenizoea mimi, umemkataa yeye.

— Basi afagie kwa mkono wa kushoto, akili ibaki kulia.

— Sikilizeni, Kinyozi akasema. Tusimame nyuma ya simu. Wao wanamtazama yeye, yeye anatutazama sisi. Akifagia, nafagia. Akikunja, Profesa anakunja.

— Na akiambiwa asugue bafu? Profesa akauliza.

— Fundi Viatu atasugua benchi, Kinyozi akasema, akaninyooshea kidole.

Nikakubali. Mtu mwenye hofu hukubali chochote. Kinyozi akaupokea ufagio, nami nikachukua brashi, nikajipanga mstarini na wazee wenzangu, akili zetu timamu kabisa.

Dada mmoja alikuwa pembeni, mguu mmoja peku, akingoja kiatu chake nilichokisahau.

— Samahani, kaka zangu. Akipata hiyo kazi, huko hotelini nani atasimama mbele yake?

Kinyozi akautazama ufagio. Profesa akainua kikombe, kumbe hakina kitu.

Simu ikaanza kulia.

Mpwa wangu akauchukua ufagio mkononi mwa Kinyozi.

— Mjomba, geukeni ukutani. Wote.

Tukageuka. Nikasikia sauti ya mwanamke ikiuliza kitu. Nikasikia ufagio ukianza kukwaruza sakafu.

— “I am…” mpwa wangu akasema.

Ufagio ukaendelea. Nimeng'ang'ania brashi yangu, nalitazama tofali, na shingo inaniuma kwa kutaka kugeuka.