Marehemu na Maganda Yake Matupu

"Dada, mbona unanipaka matope? Umewaambia majirani nafuga virusi, sasa watoto wao hawaji tena kucheza na wangu!" Ndivyo marehemu alivyolalamika miaka miwili iliyopita, amesimama mlangoni kwa dada yake mkubwa. Dada, kwa mdomo wake usio na breki, akamjibu, "Kwani unafuga kuku?"

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1974, kitinda mimba wa watoto wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya mbao. Dada aliishia darasa la saba ili amlee. Yeye alisoma mpaka chuo kikuu, akahitimu sayansi ya viumbe mwaka 1998.

Mwaka 2001 aliajiriwa katika kiwanda cha chanjo. Kazi yake ilikuwa kulea seli za mnyama ndani ya tangi la chuma la lita mia mbili, lenye joto kama la mwili wa mtu. Seli hizo zilitengeneza vitu vinavyofanana na virusi kwa nje, lakini ndani hamna kitu. Kisha alivichuja na kuvisafisha siku tatu nzima, uchafu wote utoke. Siku ile mlangoni alimweleza dada yake: "Ni maganda matupu, dada. Hayaambukizi mtu. Mwili ukiyaona, unamjua adui kabla hajaja." Dada alielewa siku ile ile. Kurudi kwa majirani kusema amekosea, hapo ulimi ukawa mzito.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 2009. Keki haijakatwa, simu ikaita: povu limepanda tangini. Akaondoka na suti yake. Bibi harusi akashika kisu, akasema, "Kumbe mimi mke wa pili!"

Januari mwaka huu, 2024, alikutwa na saratani ya ini. Mtu aliyejua seli za tangini zinataka sukari kiasi gani kila saa, alilala akisubiri za mwilini mwake zizaane zitakavyo. Daktari alikosa la kufanya. Dada alimshikia kijiko cha maji. Hata hicho hakikupita.

"Utawaambia lini, dada?"

"Kesho, mdogo wangu."

Tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, alifariki.

Ameacha mke, watoto wawili, kaka wawili na dada huyo.

Majirani, mpo hapa, sikilizeni. Marehemu hakufuga virusi hata siku moja. Dada yake alisema asilolijua, na anawaomba watoto wenu warudi kucheza. Kesho aliyoahidiwa ndiyo leo. Sasa na alale kwa amani.